Pete ya uchumba kwa mfuko mdogo Mtwara na Lindi: dhahabu nyepesi, silva, dhahabu ya nyumbani au stili?

Mwanaume anayetaka kuchumbia huku Kusini ana foleni ya malipo mbele yake kabla hajakanyaga duka la sonara. Kuna barua ya posa na kishika uchumba kinachoambatana nayo. Kuna nauli ya mshenga na wazee kutoka Mtwara mjini hadi Newala, au kutoka Lindi hadi Nachingwea. Kuna mahari, na nyuma yake harusi. Pete ya uchumba inaingia katikati ya foleni hiyo, na kwa kuwa ndiyo itakayoonekana kwenye picha, wengi huinunua kwa pupa au kwa mkopo.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye kitu kati ya elfu hamsini na laki saba, aliyekwisha kusikia ushauri wa kila jirani na bado hajui ashike lipi. Nalinganisha njia nne: dhahabu nyepesi mpya, silva, dhahabu ya familia inayoyeyushwa upya, na pete za stili pamoja na za kuchovya, yaani zilizopakwa dhahabu juu tu. Mawe nimeyapa sehemu yao pembeni, maana jiwe linaweza kukaa juu ya yoyote kati ya hizo.

Nina msimamo mmoja, na ni haki yako kuujua mapema. Pete nzuri ni ile ambayo unaweza kumwambia mchumba wako imetengenezwa kwa kitu gani bila kumung'unya maneno. Silva inayoitwa silva ina heshima yake. Stili inayoitwa dhahabu ni uongo ambao siku moja utapimwa kwa sonara, na mpimaji anaweza kuwa shangazi yake. Ukishatoka hapo, yaliyobaki yanategemea mikono yake, kazi yake, familia zenu na msimu wa pesa yenu.

Vigezo vitano

Bei. Tarakimu ya mwisho haitoshi. Unatakiwa kujua ni sehemu gani ya bei ni madini yenyewe na ni sehemu gani ni ujira wa fundi, ili ujue mahali pa kupatana.

Mkononi. Huku kwetu kigezo hiki kina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Muuguzi anayenawa na kuvaa glavu kutwa nzima, mwalimu, mama anayebangua korosho na dada anayeanika dagaa Mikindani hawafai kuvaa pete ya aina moja. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula haraka madini ya bei nafuu yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Kuna pia jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja: salfa. Katikati ya mwaka, mikorosho inapochipua na kuchanua, wakulima hupulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Salfa ndiyo hasa inayoifanya silva kuwa nyeusi. Nyumba yenye magunia ya salfa ndani, au mtu anayeshinda shambani wakati wa kupulizia, ataiona silva yake ikibadilika ndani ya muda mfupi. Na wanaobangua korosho wanajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi. Pete yoyote, iwe ya dhahabu au ya chuma, huyafungia mafuta hayo chini yake. Ivuliwe kabla ya kazi.

Fundi. Je, sonara wa mjini kwenu anaweza kuipanua, kuipunguza, au kuiunga ikikatika? Kidole cha binti wa miaka 22 hakitabaki vilevile baada ya watoto wawili.

Kesho yake. Siku ikija shida ya kweli, ukiuza pete kitarudi nini?

Ukweni. Pete ya uchumba haionwi na watu wawili tu. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi wanafuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba wa binti ana kauli nzito katika posa. Usikidharau kigezo hiki, ila kisitangulie vingine vyote.

Njia ya kwanza: dhahabu nyepesi mpya kwa sonara

Bei. Dhahabu huuzwa kwa gramu, kisha unaongezwa ujira wa ufundi. Karati zinaeleza katika sehemu 24 ni ngapi zilizo dhahabu halisi. Karati 22 ni asilimia 91.6, karati 18 ni asilimia 75, karati 14 ni asilimia 58.5, na karati 9 ni asilimia 37.5. Ndani ya pete utaona muhuri wa 916, 750, 585 au 375. Muhuri unaweza kughushiwa, kwa hiyo mwombe sonara aipime mbele yako: ataisugua kwenye jiwe la kupimia na kudondoshea tindikali. Sonara anayejiamini hakasiriki akiombwa hivyo.

Bei ya dunia imepaa. Machi 2025 aunsi moja ilivuka dola 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Kwa hiyo bei aliyolipa kaka yako alipooa mwaka 2019 isikupe matumaini wala isikufanye umshuku sonara kuwa anakuibia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na nakuomba uifanye mwenyewe kwenye simu ukiwa dukani. Tuchukue mfano tu, usiuchukulie kuwa ndiyo bei ya leo: gramu ya dhahabu safi ikiwa shilingi 300,000, gramu ya karati 18 ni 225,000 na gramu ya karati 9 ni 112,500. Pete ya gramu 2 ya karati 18 inakuwa 450,000 kabla ya ufundi. Ya karati 9 yenye uzito huohuo inakuwa 225,000. Uliza bei ya gramu siku hiyo, piga hesabu, kisha ondoa kiasi ulichopata kwenye bei aliyokutajia. Kinachobaki ni ufundi na faida, na hapo ndipo kuna nafasi ya kupatana. Kumbembeleza sonara ashushe bei ya dhahabu yenyewe ni kupoteza mchana.

Karati 9 si kila sonara huiweka, kwa kuwa wateja wengi wa pwani wamezoea dhahabu ya karati za juu yenye rangi ya njano iliyokolea. Ulizia kabla ya kukata tamaa, au omba ya kuagizwa.

Mkononi. Dhahabu haishiki kutu, na hewa ya bahari haiisumbui. Udhaifu wake ni ulaini. Kadiri karati inavyopanda ndivyo pete inavyopinda kirahisi, na pete nyembamba ya karati 22 yenye gramu moja na kitu itapoteza duara lake kwa kubeba ndoo tu. Kwa uzito mdogo, karati 18 au 14 hustahimili zaidi. Karati 9 ni ngumu, ila ina shaba na silva nyingi ndani yake, hivyo inaweza kufifia kidogo ikikutana na salfa au jasho la muda mrefu. Hung'arishwa ikarudi.

Fundi. Hapa dhahabu haina mpinzani. Sonara yeyote anaikata, anaiunga, anaipanua.

Kesho yake. Utauza kwa uzito na karati. Ujira wa ufundi uliolipa haurudi, na mnunuzi atakata faida yake, lakini kitu kitabaki mkononi.

Ukweni. Inapokelewa bila maswali. Familia nyingine huichukulia dhahabu kama akiba ya binti yao, na kwa maoni yangu hawajakosea.

Inamfaa mwenye laki tatu na nusu kwenda juu ambaye mahari yake haitayumba kwa sababu ya ununuzi huo, na mchumba anayependa kitu chembamba, kisicho na makeke.

Njia ya pili: silva 925

Bei. Silva ya kuvaa ina asilimia 92.5 ya silva halisi, na iliyobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu. Ndiyo maana ya muhuri wa 925. Gramu moja ya dhahabu hununua makumi ya gramu za silva. Kwa hiyo kwenye pete ya silva unalipa zaidi mikono ya fundi kuliko madini. Hilo ni jema kwako: kwa bei ya pete nyembamba kabisa ya dhahabu unaweza kumtengenezea mchumba wako pete nzito, yenye nakshi na jiwe, na pesa nyingine ikabaki kwa ajili ya mahari.

Mkononi. Nimeshataja salfa. Silva huwa nyeusi hata bila salfa ya shamba, polepole, kwa hewa na jasho. Weusi huo haumaanishi kuwa ni bandia. Tandika karatasi ya foili ya jikoni kwenye bakuli, weka pete juu yake, nyunyiza kijiko cha bekingi soda, mimina maji ya moto sana, subiri dakika chache, kisha suuza na ukaushe kwa kitambaa laini. Usifanye hivyo kama pete ina lulu au jiwe lililogundishwa kwa gundi. Silva pia hukwaruzika na ikiwa nyembamba hupinda. Inamfaa mwenye kuitunza, au mwenye kazi isiyokutana na salfa kila siku.

Fundi. Inabadilishwa saizi bila tabu na sonara wa kawaida.

Kesho yake. Kidogo sana. Ukiiuza kwa uzito hutapata cha kukuokoa, na ni vizuri ukajua hivyo tangu mwanzo.

Ukweni. Silva ina historia ndefu pwani, tangu vikuku vya Unguja hadi ala za majambia ya Oman. Hata hivyo kuna wazee watakaoiona rangi nyeupe na kuuliza dhahabu iko wapi. Jibu lako liwe fupi na la kweli: hii ni silva, dhahabu itakuja kwenye ndoa. Wengi wanaliheshimu jibu hilo. Kwa Waislamu kuna faida ya ziada pale mnapotaka nyote wawili mvae: wanazuoni wengi wanamkataza mwanaume dhahabu na kumruhusu silva.

Kuna nusu njia hapa: silva iliyochovywa dhahabu. Rangi ya juu itafifia baada ya muda, hasa upande wa kiganja, lakini chini yake bado ni silva, na sonara anaweza kuichovya tena. Ukiinunua, iseme hivyohivyo: silva iliyochovywa.

Inamfaa mwenye elfu themanini hadi laki mbili na nusu, na mwanamke anayejali sura na kazi ya fundi kuliko gramu.

Njia ya tatu: dhahabu ya nyumbani

Nimeona njia hii ikisahaulika mara nyingi, wakati nyumba nyingi za Lindi, Mikindani na Kilwa zina heleni moja iliyopoteza mwenzake, mkufu uliokatika au kipini cha bibi kwenye kitambaa chini ya sanduku. Dhahabu hiyo haizeeki. Ikiyeyushwa inakuwa mpya kabisa.

Bei. Unalipa ujira wa fundi, na pengine kiasi kidogo cha madini ya kuongeza. Dhahabu za zamani za pwani aghalabu ni za karati za juu, na hapo hesabu inakupendelea: gramu 2 za karati 22, zikichanganywa na shaba na silva kiasi, zinatoa karibu gramu 2.4 za karati 18. Umepata pete nzito kidogo na ngumu zaidi kuliko ulivyoanza. Ukichanganya karati tofauti bila kupima, utapata kitu cha katikati ambacho hata sonara hatajua akipige muhuri gani, kwa hiyo kila kipande kipimwe peke yake kwanza.

Namna ya kwenda kwa fundi ina maana kubwa. Pima uzito mbele yako kabla ya kuyeyusha, na uandikwe. Mawe yatolewe na urudishiwe. Kubalianeni ujira na kiasi cha upotevu kabla ya moto kuwashwa, kwa sababu kuyeyusha na kupiga tupa lazima kupoteze kidogo. Mabaki na vumbi la tupa ni mali yako, yaulizie. Ukiweza, kaa hapo mpaka iyeyuke. Fundi mwaminifu hukuvutia kiti.

Mkononi na kwa fundi, ni sawa na dhahabu nyingine ya karati hiyo. Omba tu isitengenezwe kwa kuungaunga vipande kwa lehemu nyingi. Lehemu hushusha ubora wa dhahabu, na kwenye maungio ndipo pete itakapokatika.

Kesho yake. Kwa uzito, thamani ni ileile ya dhahabu. Lakini kuna kesho nyingine: uchumba ukivunjika, dhahabu ya bibi iko mkononi mwa nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kufungua shauri la kudai zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, endapo mahakama itaridhika kuwa mtoaji aliitoa kwa masharti ya ndoa kufungwa. Ni afadhali kutofika huko. Mshenga aliseme jambo hili wazi mapema, mbele ya pande zote mbili, kwamba pete hii imetoka kwenye dhahabu ya familia.

Ukweni. Ukweni hupokewa vizuri kuliko zote, kwa sababu ina jina la mtu ndani yake. Upande wenu ndiko kwenye kazi. Kipini cha marehemu bibi ni sehemu ya mirathi mpaka warithi wakubaliane. Usikichukue kwa ruhusa ya mama peke yake ikiwa mama mdogo na wajomba nao wana haki. Kikao kifupi cha familia kina gharama ndogo kuliko kinyongo cha miaka.

Inamfaa mwenye familia inayoelewana na iliyo tayari kutoa kwa moyo. Kama ruhusa imetoka kwa shingo upande, rudi kwenye silva.

Njia ya nne: stili, tangsteni na pete za kuchovya

Hizi tatu huwekwa kwenye kabati moja la kioo na watu huzichanganya, ingawa zinatofautiana sana.

Bei. Zote zinapatikana kwa makumi ya maelfu, hata chini ya hapo. Angalia muhuri: ukiona 18K ikifuatiwa na herufi GP au GE, hiyo ni ya kuchovya. Muuzaji akikuambia ni karati 18 na akanyamaza hapo, muulize zile herufi mbili zina maana gani.

Mkononi. Stili isiyoshika kutu ni imara ajabu. Haisumbuliwi na salfa, inavumilia sabuni na chumvi vizuri, haipindi ovyo. Kwa mwanamke wa kazi za mikono ni pete inayotenda kazi kuliko dhahabu. Tangsteni, madini mazito ya kijivu, ni ngumu zaidi na karibu haikwaruziki, lakini ukiiangusha kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka. Pete ya kuchovya juu ya shaba ya njano ndiyo dhaifu kuliko zote kwa hewa ya Mtwara: rangi huondoka, kidole huwa na alama ya kijani, na baadhi ya watu huwashwa kwa sababu ya nikeli iliyomo.

Fundi. Hapa ndipo njia hii inapokwama. Sonara wengi hawagusi stili, na tangsteni haibadilishwi saizi kabisa. Kidole kikivimba, tangsteni haikatwi kwa msumeno wa kawaida. Hupasuliwa kwa koleo la kubana. Pima kidole kwa uangalifu mkubwa.

Kesho yake. Hakuna.

Ukweni. Wengine watanuna. Kwa familia ya Kiislamu inafaa kukumbuka Hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad: Mtume alimwambia mtu aliyetaka kuoa atafute japo pete ya chuma, na aliporudi bila kitu akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Habari hiyo inahusu mahari, na inaonyesha kwamba uchache wa mali haukumfungia mtu mlango. Pete ya stili inayotolewa kwa ukweli ina pa kusimama.

Inamfaa mwenye chini ya laki moja, mwenye mchumba anayeujua mfuko wake na waliokubaliana kwamba pete ya thamani itakuja baadaye. Ya kuchovya juu ya shaba simshauri mtu, isipokuwa kwa picha za siku moja.

Jiwe, kama mnalitaka

Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 10. Mchanga wa kawaida uko kwenye 7, na vumbi la barabarani limejaa mchanga. Jiwe lililo chini ya 7 litachubuka tu, hasa nyumba inayosugulia sufuria kwa mchanga. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, iko kati ya 6 na 7: inapendeza sana kwenye heleni, ila kwenye pete ya kila siku inaumia. Safaya iko kwenye 9, moisanaiti (jiwe la maabara linalofanana na almasi) 9.25, almasi 10. Zirkonia, jiwe la kutengenezwa linalong'aa kama almasi, iko juu kidogo ya 8, na ni rahisi kiasi kwamba likipoteza mng'aro baada ya miaka unalibadilisha.

Tuko karibu na mawe ya kweli. Safaya za Tunduru zilianza kuvuma miaka ya 1990, na Masasi ndiyo njia ya kwenda huko. Ukaribu huo unaleta pia watu wanaonong'ona na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Madini ghafi hayanunuliwi mtaani bila leseni, na glasi ya rangi ya samawati ikiwa haijachongwa inafanana sana na safaya. Nunua jiwe lililokwisha kukatwa, kwa muuzaji mwenye duka na risiti. Na kwa mikono yenye kazi, omba jiwe lizungushiwe ukingo wa madini badala ya kushikwa na makucha, maana makucha hunasa kwenye kanga na kwenye neti ya mbu.

Mjini kwetu au Dar?

Dar, hasa Kariakoo na maduka ya sonara ya mtaa wa Indira Gandhi, kuna chaguo nyingi. Kama una safari yako, pita ulinganishe. Kusafiri mamia ya kilomita kwa ajili ya pete ya laki mbili kunaila faida yote kwa nauli na chakula. Sonara wa mjini kwenu ana faida moja ambayo Dar haina: pete ikikulegea au jiwe likicheza, unarudi kesho asubuhi. Popote utakaponunua, dai risiti ya mashine inayotaja karati na uzito. Risiti iliyoandikwa "pete moja" haina msaada wowote siku ya kuuza wala siku ya ugomvi.

Kuhusu kipimo: zungushia uzi kwenye kidole cha pete jioni, baada ya joto la mchana, maana asubuhi kidole huwa kimenywea. Hakikisha unapita kwenye kifundo. Uzi wa milimita 52 ni pete yenye kipenyo cha ndani cha takriban milimita 16.5. Kama ni siri, azima pete yake ya kidole hichohicho kupitia kwa dada yake.

Kwa hali yako

Kama pesa yako ni ya korosho, usiuze kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya minada, mwezi wa nane ili upate pete. Unatoa kilo zako kwa bei ya kutupa, na kangomba imekatazwa. Peleka barua sasa na kishika uchumba kidogo, ueleze wazi kwamba pete itavishwa baada ya minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Wazee wa Tandahimba na Newala wanaielewa kalenda hiyo kuliko mtu yeyote. Malipo yakiingia akaunti, nenda moja kwa moja kwenye dhahabu ya karati 18 au 14 kabla pesa haijapata kazi nyingine. Mwenye ufuta anaweza kufanya hivyo katikati ya mwaka.

Kama una mshahara wa mwezi, dunduliza kwa miezi kadhaa kwenye kibubu au kikoba. Ukiweka kianzio kwa sonara, bei ya gramu iandikwe siku hiyohiyo kwenye karatasi, pamoja na sahihi, vinginevyo bei ikipanda utaambiwa kianzio chako hakitoshi. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya pete haufai kwa njia yoyote kati ya hizi nne. Atakayeulipa ni huyohuyo unayemvisha.

Kama unaendesha bodaboda au bado uko chuoni na una elfu hamsini, chagua stili au silva nyepesi na umwambie ukweli. Kati ya hizo mbili, stili kwa mwenye kazi za mikono au shamba la mikorosho, silva kwa aliyeko ofisini, dukani au darasani.

Kama mchumba wako ni muuguzi au anabangua korosho, pete yoyote iwe bapa, bila jiwe lililochomoza. Mnunulie pia mkufu mwembamba wa stili aivae shingoni saa za kazi.

Kama mtafunga ndoa kanisani, kumbukeni kwamba siku hiyo mtahitaji pete mbili nyingine. Weka hesabu ya pete tatu tangu leo. Wapo wanaotumia silva kwa uchumba na kuielekeza dhahabu yote kwenye ndoa, na wapo wanaonunua pete rahisi ya dhahabu isiyo na jiwe mapema wakaibariki ileile. Muulizeni paroko au mchungaji wenu kabla ya kununua.

Na kama ndoa ni ya Kiislamu na dhahabu imetajwa kwenye mahari, mshenga aulize swali moja kabla hujalipa hata senti: pete hii itahesabiwa ndani ya mahari au itakaa nje kama zawadi? Jibu likiwa "ndani", nenda kwenye dhahabu ya gramu na karati zinazojulikana, risiti ikae pamoja na karatasi ya makubaliano. Likiwa "nje", una uhuru wa kuchagua silva, na dhahabu ukaiacha isubiri siku ya nikahi.